Mama Alinitangulia Ukurasa Mmoja

Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimerudia darasa la pili mara mbili. Siku hiyo mwalimu alimwita mama yangu, akampa daftari langu, akamwambia mbele yangu asijichoshe.

"Mama, huyu mutoto iko na heshima, iko musafi, lakini kusoma hapana. Mufundishe cherehani."

Mama alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka moja karibu na soko la Gisenyi. Huenda mwalimu alidhani anamfariji. Mama alisema asante, akanishika mkono, tukatoka. Njia nzima nilikuwa nangoja kipigo. Tulipofika barazani alinikalisha kwenye kiti cha wateja, akafungua lile daftari, akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Ukiangalia hii mistari, we unaona nini? Usiogope. Sema vile unaona."

Nikamwambia. Kwamba b na d ni mtu mmoja, leo anatazama huku, kesho kule, na sijui wenzangu wanamtambuaje. Kwamba neno nililolisoma juu ya ukurasa, nikikutana nalo chini, linakuwa geni. Kwamba nikifika mwisho wa mstari, mwanzo umeshanitoka.

Hakucheka. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa na mgeni.

"Bon," alisema. "Basi si ujinga. Iko kitu."

Hakujua ni kitu gani, lakini tangu siku hiyo alianza kuuliza kila mteja aliyejua kusoma. Aliyemjibu ni bibi mmoja wa Nengo, mtaa wa kilimani, mwalimu mstaafu aliyefundisha miaka mingi Goma, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa amekuja kupunguziwa gauni. Mama alimweleza habari zangu huku pini ziko mdomoni, na bibi akasahau kabisa habari ya gauni.

"Hiyo iko na jina," alisema. "Kwa Kifaransa tunaita disleksi. Mutoto iko na akili yake yote. Anataka kufundishwa pole pole, sauti moja moja, na mikono, na miguu pia. Si macho peke yake."

Kuanzia wiki hiyo, kila Jumamosi alasiri mama alipanda kwenda Nengo kufundishwa namna ya kunifundisha. Na kila asubuhi, kabla ya shule na kabla ya kushona, alinipeleka ufukweni mwa ziwa. Alichora herufi moja mchangani kwa kijiti, kubwa kama mkeka, nami nikavua viatu nikatembea juu yake nikitamka sauti yake.

"Shuka kwanza," alisema, akitembea mbele yangu. "Sasa zunguka tumbo. Tumbo ya b iko mbele. Sema: be."

Mchanga ulikuwa baridi. Wanawake waliokuwa wakienda mpakani na mabeseni kichwani walisimama kututazama, mama mzima na mwanawe wakizunguka zunguka kama kuku waliopotea.

"Mama, munatafuta nini hapo?" mmoja akauliza.

"Tunatafuta b," mama akajibu bila kuinua kichwa.

Ilichukua miezi. Kuna siku nililia, na kuna siku nilikataa kuvua viatu. Halafu asubuhi moja aliandika maneno mawili, baba na dada, akasogea pembeni. Nilipoanza kutembea juu ya la kwanza nilijua ni lipi kabla mguu haujamaliza herufi. Nikalitamka kwa sauti, kisha la pili. Mama alikaa palepale mchangani, akajifunika uso kwa kitenge.

Shuleni haikuwa rahisi hivyo. Nilisoma, lakini polepole mno, na mitihani haikuningoja. Mama alimwomba mwalimu mkuu nisomewe maswali nijibu kwa mdomo. Alikataliwa. Akarudi, akakataliwa tena. Mara ya tatu hakuomba hivyo.

"Mumusomee ukurasa moja, mara moja tu," alisema. "Halafu mumuulize. Akishindwa, sirudi."

Walimu walicheka kidogo, lakini mmoja akachukua kitabu, akasoma habari ya namna chai inavyovunwa na kukaushwa. Alipofunga kitabu aliniuliza maswali matano. Nilijibu yote, kisha nikamkumbusha hatua moja aliyoiruka katika swali la mwisho. Alifungua kitabu kuhakikisha, akamtazama mwalimu mkuu. Kuanzia muhula ule nikawa nasomewa maswali, na nyumbani mama akawa ananisomea kitabu changu, ukurasa mmoja kila siku.

Nilidhani nimeshamjua mama yangu. Nilikuwa darasa la tano siku tulipoachiliwa mapema kwa sababu walimu walikuwa na mkutano. Nilifika barazani nikakuta cherehani kimya. Mama alikuwa ameketi nyuma ya nguo zilizotundikwa, kitabu changu magotini, kidole chini ya mstari. Alisoma kwa kunong'ona.

"De... be... hapana. De."

Akarudi mwanzo wa mstari. Alikwama palepale, akachora ile herufi kwa kidole juu ya paja lake, akaanza tena. Jasho lilimtoka puani. Ulikuwa ukurasa ambao angenifundisha kesho yake.

Nilisimama upande wa pili wa zile nguo, nikimchungulia. Nilijua kwamba aliacha shule Goma akiwa darasa la nne. Sikujua kwamba naye walimwita mpumbavu, na kwa sababu ileile. Kurasa zote zile alizonisomea kwa sauti tulivu, kama mtu asiyesumbuliwa na kitu, alikuwa amepigana nazo moja moja kabla yangu. Nilirudi nyuma kimyakimya, nikazunguka soko zima kabla ya kujitokeza.

Nilipomaliza sekondari ndipo nilipomuuliza.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Alikuwa akikata kitambaa, na mkasi haukusimama.

"Ningekuambia nini? Kama ungejua mi pia sioni, ungeshika mukono ya nani?"

Leo naandika kwa kusema kwenye simu kwanza, kisha nasikiliza, kisha nasahihisha, na bado b na d hunichezea nikichoka. Mama ana mvi sasa. Mwaka jana kanisani kwetu walimwomba asome somo la Jumapili, naye akakubali bila kuniuliza. Alisimama mbele ya watu wote, akaweka kidole kwenye karatasi, akasoma. Katikati alikosea neno. Alirudi mwanzo wa mstari, akalichukua upya, wala hakuomba radhi. Niligundua kwamba nilikuwa nimesimama peke yangu kati ya watu walioketi.