Mvivu wa Siku Mbili

Mtoto ana siku mbili tu duniani, hajamkosea mtu, hajakopa, hajasengenya, na tayari ameshapachikwa sifa mbaya. "Mvivu huyu!" alisema bibi yake mzaa baba mbele ya wodi nzima, huku akimgusagusa shavu ili anyonye. "Mvivu kama mama yake."

Mama yake alikuwepo palepale kitandani, masikio mazima, na maneno hayo hayakuwa mageni kwake. Mtaani wanamwita Nusu. Jina alilopewa na wazazi wake liko kwenye kadi ya kliniki, lakini ukiliulizia mtaani hakuna atakayekuonyesha nyumba. Ni msusi, na waliombatiza Nusu ni wateja. Ukikaa kwenye kiti chake asubuhi, unatoka na mistari iliyonyooka mpaka kisogoni. Ukienda mchana, umejitakia. Ataanza vizuri, atafika katikati ya kichwa, halafu mikono inakuwa mizito, inashuka yenyewe, vidole havikazi nywele. "Njoo kesho asubuhi nikumalizie," anakwambia, nawe unakwenda zako umejifunga kitambaa, unabubujika matusi kimoyomoyo.

Jioni ndiyo usiseme. Kope zinamwanguka, hasa ya kulia. Akitafuna nyama, taya linachoka kabla ya meno. Akiongea sana, sauti inaingia puani kama ya mwenye mafua. Kwa mama mkwe mambo yote hayo yalikuwa na jina moja, na alilitangaza kwa majirani bila kuombwa: "Mwanangu kaoa usingizi."

Wala usidhani Nusu hakwenda hospitali. Alikwenda mpaka viatu vikaisha soli. Lakini hospitali ni ya kuwahi: unaamka alfajiri, unapanga foleni, unamwona daktari asubuhi. Na asubuhi, baada ya kulala usiku mzima, Nusu alikuwa mzima kukushinda wewe. Kope juu, mikono juu. "Huna kitu," wanamwambia. "Kula mboga za majani." Amekula mboga za majani mpaka akazikinai. Hata kliniki ya wajawazito ilikuwa asubuhi! Ugonjwa wake unaamka mchana, madaktari wake wanatafuta asubuhi, sasa watakutana wapi?

Basi mtoto akazaliwa, wa kiume, uzito mzuri, akalia, akanyonya, watu wakapongezana. Siku ya pili akabadilika. Kilio kikawa chembamba. Ukimnyanyua mkono, unaanguka. Uso haukunjiki hata akiudhika, umetulia tu utadhani anasikiliza taarifa ya habari. Akiwekwa kwenye titi anavuta mara mbili, mara tatu, kisha mdomo unalegea, maziwa yanamtoka pembeni na mengine yanampalia.

Nusu akamwita nesi. Nesi alikuwa peke yake na wodi imejaa, akaja mbio, akamweka mtoto sawasawa, mtoto akavuta mara mbili. "Si huyu ananyonya? Ananyonya vizuri tu, mama. Uwe na subira." Huyoo, kitanda cha pili. Hajafika hata cha tatu, mtoto ameshaachia.

Nusu akamwita tena. Nesi akaja, mtoto akavuta mara mbili, nesi akasifu, nesi akaondoka. Mchezo ukawa huo mpaka kesho yake.

"Jamani," Nusu alisema, "hakuna mtu wa kukaa akaangalia mpaka mwisho?"

"Akae akuangalie wewe tu, wenzako wana watoto wa mbwa?" mama mkwe akamjibu. "Tatizo lako unataka kila kitu kwa ulaini. Kamua maziwa hayo, nipe kijiko."

"Mama, anapaliwa."

"Nimelea sita mimi. Nipe kijiko."

Na hapa ndipo ilipobaki kidogo tumpoteze mtoto. Bibi yule hakuwa na ubaya, msimwelewe vibaya. Mjukuu alikuwa na njaa na yeye alimpenda. Lakini alimlaza chali, akamtilia kijiko cha kwanza, akamtilia cha pili, na mtoto asiye na nguvu ya kumeza akakohoa kikohozi kisichotoka, kifua kikaingia ndani, midomo ikawa ya bluu. Nusu akapiga kelele. Sauti ikapitia puani, haikufika mbali. Ni mama wa kitanda jirani aliyepaza ya kwake, nesi akaruka, akamgeuza mtoto, akamvuta maziwa kooni kwa mashine, akamwekea oksijeni. Rangi ikarudi taratibu. Kijiko kilikuwa chini ya kitanda na bibi alikuwa amejishika kichwa.

Daktari wa watoto akaitwa. Alikuwa mama mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, hajala tangu asubuhi na hakuficha. Alimsikiliza mtoto kifua, akamnyanyua mikono, akampitishia mrija mwembamba puani wa kupeleka maziwa tumboni. Ndipo akauliza: "Amekuwa hivi tangu lini?"

Alikuwa amefungulia bomba. Nusu alimwaga yote. Tangu jana! Nimesema tangu jana! Kila mtu anakuja kuona mwanzo, mwisho hauonwi! Na kadiri alivyofoka ndivyo maneno yalivyozidi kupita puani, na kope ya kulia ikawa inashuka, inashuka, mpaka jicho likabaki ufa. Daktari akaacha kumtazama mtoto. Akamkazia macho Nusu.

"Dokta, mgonjwa yuko kule. Mimi unaniangalia nini?"

"Hebu tazama darini. Usipepese."

"Darini kuna nini?"

"Tazama tu, mama."

Akatazama, huku amenuna. Kope zote mbili zikaanza kuteremka zenyewe. Daktari akamwambia anyooshe mikono mbele. Haikukaa, ikashuka. Nusu akaona anafanyiwa mzaha. Mtoto wake yuko kwenye mrija, na yeye anachezeshwa kama mtoto wa chekechea! "Mimi sikuja kupimwa mimi!" alisema, na mama mkwe kwa mara ya kwanza akamuunga mkono: "Huyo ndivyo alivyo siku zote, dokta, ni usingizi. Shughulikia mtoto."

"Siku zote?" Daktari akamgeukia nesi. "Nitafutie barafu."

Barafu nayo ikawa kesi. Ya friji ya chanjo ilikuwa imefungiwa, na mwenye funguo kaenda kwenye semina. Nesi akarudi kutoka kantini na barafu ya kunyonya, ile ya watoto ya kwenye kimfuko, nyekundu. Daktari akaivika glavu, akamwambia Nusu afumbe macho, akamwekea kwenye jicho la kulia. Ikavuja. Nusu alikaa pale, msusi mzima mwenye saluni yake, maji mekundu yanamtiririka shavuni mpaka kwenye nguo ya kujifungulia, wodi nzima imesimama inaangalia, na moyoni aliapa kwamba akitoka humo salama hatamsamehe mtu.

"Fumbua."

Akafumbua. Jicho la kulia lilikuwa wazi, pana, linang'aa. Mama wa kitanda jirani akasema "Ha!" kwa sauti.

"Hebu rudieni," mama mkwe akasema. "Sikuona vizuri."

Daktari hakurudia. Alivuta kiti akakaa, na akaeleza mara moja tu, bila haraka. Mwili wa Nusu unatengeneza kinga, zile za kupigana na maradhi, lakini nyingine zimepotea njia. Zinakwenda kuziba pale neva inapoupa msuli amri. Msuli ukipumzika unapokea amri kidogo, ukitumika unachoka na kugoma. Ndiyo maana asubuhi mzima, jioni hoi, na baridi ya barafu huuamsha kwa muda. Wakati wa ujauzito kinga hizo zilipita kwenye kondo la nyuma zikaingia kwa mtoto.

"Kwa hiyo nimemuua mwanangu," Nusu akasema.

"Nani kafa hapa? Sikiliza. Wewe unazitengeneza, yeye hatengenezi. Alizonazo ni zako, na zitamwisha mwilini baada ya wiki chache. Kazi yetu ni kumlinda apumue na ale mpaka ziishe."

Damu zao wote wawili zilichukuliwa kupelekwa maabara kubwa, lakini daktari hakusubiri majibu. Alimchoma mtoto sindano ya neostigmini, dawa ya kuusaidia msuli kupokea amri, pajani, kipimo kidogo sana, na wote wakamzunguka kusubiri, hata nesi, vitanda vingine vikamngoja. Punde kipaji cha uso kikakunjamana. Ngumi zikafumba. Kisha mdomo ukafunguka ukatoa kilio, na kilikuwa kilio hasa, cha mtu mwenye madai yake. Nusu alicheka na kulia kwa pamoja, akapenga kamasi kwenye shuka la hospitali.

Siku hiyo mtoto alilishwa kwa mrija tu. Kesho yake mchana ikawa sindano kwanza, wakasubiri kidogo, ndipo akawekwa kwenye titi. Nesi alivuta kiti akakaa, bila kuombwa, tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto akavuta, akameza, akapumzika, akavuta tena, mpaka akalala mwenyewe kwa shibe.

Kabla ya hapo daktari wa watu wazima alikuwa amempima Nusu na kumwachia vidonge vyake. Kwake si wiki chache, alimwambia wazi, dawa ataishi nazo. Nusu alikuwa amemeza cha kwanza, na sasa alikuwa amemwinamia mtoto, amemkodolea macho. Machozi yakaanza kumdondoka.

"Nini tena?" mama mkwe akashtuka. "Anapumua?"

"Anapumua. Yuko mmoja."

"Mmoja nini?"

"Mtoto. Kila ikifika mchana nilikuwa naona wawili. Hata wateja, vichwa viwili. Tangu nimzae sijawahi kumwona mmoja saa hizi."

"Na ulinyamaza?"

Hapo Nusu akawaka. "Ningemwambia nani? Nikisema mikono, mnasema uvivu! Nikisema kope, usingizi! Nikisema naona watu wawiliwawili mngesema nini, wazimu? Miaka yote hii nawaambia!"

Bibi alikunjua kitambaa chake, akakikunja tena, akasogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda.

"Nilikuwa sikusikilizi," alisema. "Anza upya, mwanangu. Anza na mikono."