Upepo wa Kuvukia Mchanga

Walimwita Mama Gia, kwa kuwa aliwabebea watu mizigo kwa pikapu ya mumewe na hakuna barabara mbovu iliyomshinda. Ila siku hiyo alimbeba mama mkwe, na jamani, huyo ni mzigo wa aina yake.

Bibi huyo alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja kwenye zahanati ng'ambo ya mto mkavu, na leo ndiyo siku yao ya mwisho. Wakichelewa, basi tena.

Walipofika ukingoni, Mama Gia akashuka, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Kwa ajili ya mawe ya huko walikotoka alikuwa amejaza upepo mpaka kipimo kikasoma thelathini na tano. Kwa mchanga ule alitaka kushusha mpaka kumi na nane, tairi litanuke, likanyage bila kuzama. Upepo ukaanza kutoka, fssss.

"We! Unatoboa gari la mwanangu?" bibi akafoka kutoka ndani.

"Napunguza upepo tu, mama. Mchanga hautaki tairi gumu."

"Hupunguzi kitu! Mwanangu hupita hapa matairi yamejaa ndi!"

Uongo mtupu! Huyo mwanawe alishavutwa hapo hapo na trekta. Lakini nani abishane na mama mkwe? Mama Gia akaishia ishirini na nane kwa kila tairi, akaingia mtoni. Hata katikati hawakufika. Magurudumu ya nyuma yakachimba, gari likakaa kitako.

Akapiga usukani kwa hasira. "Haya, tumekwama! Umefurahi?"

Bibi akajibu, "Nimefurahi."

"Ati?"

"Nilikuwa naomba tukwame. Watanitia kisu jichoni, bila hata kunilaza usingizi. Naogopa. Bora hili giza nililolizoea."

Hasira zote zikamwishia Mama Gia. Tangu aolewe hajawahi kumsikia bibi huyu akikiri kuogopa kitu. Akamshika mkono. "Hata mimi naogopa, mama. Nitawaomba nikae nawe. Wakikataa, nitakaa mlangoni, ukiniita naitika."

Bibi akavuta pumzi, akapenga kamasi kwenye mtandio. "Nishushe."

Akapapasa bodi mpaka tairi la nyuma, akaweka kiganja pale chini linapotanuka. Mama Gia akafungulia upepo, akafunga, akapima.

"Vipi?" bibi akauliza.

"Ishirini na mbili."

"Toa tena, unaogopa nini?"

Wakazunguka yote manne hivyo. Mama Gia akachimbua mchanga kwa mikono, akakanyaga mafuta taratibu, na pikapu ikajikongoja, ikapanda ng'ambo.

Huko kulikuwa na mawe tena, kwa hiyo akatoa pampu ya mguu, akaanza kujaza, jasho likimtiririka. Hajamaliza tairi la pili, honi ikalia bila kuachia. Bibi alikuwa ameilalia kwa mikono miwili.

"Huo upepo unatosha, twende! Watatufungia!"