Kabuluku, Kobe na Mukwe Nyuma ya Rido

Mwaka ule kikohozi kilichukua sauti yangu, na mutu aliyezoea kusimulia hadithi kila siku akikosa sauti, iko kama jogoo aliyefungwa mudomo. Njo maana nilitengeneza ule muchezo. Nilichukua ubao wa kitanda cha marehemu mume wangu, kile kilichovunjika siku ya ubatizo wakati wajomba watatu walikikalia pamoja, na mumoja wao hajaniomba samahani mpaka leo. Tuwaache wale wajomba. Kwa chuma cha moto nilichoma vishimo ishirini, toka kijiji mpaka mutoni.

Hadithi yenyewe munaijua. Kabuluku, ile swala ndogo ya pori, alishindana mbio na kobe, na kobe akaficha ndugu zake njiani kote. Kila mara kabuluku akiuliza, "Kobe, uko wapi?" ndugu mumoja anajibu mbele yake, "Niko hapa." Bibi yangu alikuwa anaisema kwa Kizimba, luga yetu, na kwa Kizimba kobe ana matusi zaidi. Mu muchezo wangu kabuluku ni kipande cha gunzi la mahindi. Kobe ni maganda sita ya ngazi, zile mbegu za muchikichi, ninayaficha mu vishimo, na kila kishimo ninakifunika na kipande cha jani. Unatupa mbegu nne za mahindi zilizopakwa makala upande mumoja. Nyeusi mbili, hatua mbili. Ukifika, unauliza kwa sauti, kisha unafunua jani. Kobe akiwa pale, unarudi kijijini. Mimi nilisoma miaka miwili tu, lakini mwalimu alikuja kuucheza na akarudi kijijini mara saba.

Sasa, binti yangu. Alirudi kwangu toka Salamabila na matela yake, godoro lake la kulalia, amenuna. Bwana yake si mulevi, hapigi, chakula kiko. Shida ni moja: mutu yule hajue kukosea. Siku moja alipoteza njia ya kwenda Wamaza, wakasukuma pikipiki mu matope mpaka jua likashuka, na alipoulizwa akajibu kwamba barabara njo ilihama.

"Mama," binti akaniambia, "siku atasema 'nimeshindwa', siku ile nitafunga matela yangu nirudi kwake."

Nilimuonea huruma siku mbili. Siku ya tatu nilianza kumuomba Mungu amurudishe kwake, kwa sababu alikuwa analala mu kitanda changu kwa upana, tena alisema sombe yangu, ile mboga ya majani ya mihogo, haina chumvi.

Wiki ile ile mukwe akafika na pikipiki. Zawadi aliyoniletea ni mufuko wa chumvi. Hakujua alivyoniumiza.

Kwetu mukwe hamutazami mama mukwe usoni, wala hakule mbele yake. Basi yeye alikaa inje kwenye barza, mimi ndani nyuma ya rido, pazia la mulango. Binti, mwenye kupaswa kupeleka maneno huku na huku, hakutaka kufungua mudomo. Na shemeji yangu, anayesikilizaka maneno ya ndoa, alikuwa Kabambare, atarudi kesho. Watu wazima watatu tulikaa kimya asubuhi nzima, tunasikiliza mbuzi.

Nikachoka. Nikaficha kobe zangu, nikafunika majani, nikausukuma ubao chini ya rido, nusu ndani, nusu inje. Binti akakaa kwenye kizingiti katikati yetu. Mimi niliona mukono wa mukwe tu, unashika gunzi.

Akatupa mbegu, akasogea, kisha mukono ukasimama juu ya jani. Heshima ilimufunga. Atamuitaje mama mukwe kobe?

"Mama Kobe," akasema, "samahani, munaweza kuwa wapi?"

"Niko hapa," nikajibu na ile sauti yangu ya bata.

Gunzi likarudi kijijini. "Hajarudishwa," mukwe akasema. "Kabuluku amesahau kofia yake."

Mara ya pili alisema kabuluku amerudi kusalimia wazazi. Mara ya tatu alisema ubao umelala upande.

"Munamusikia?" binti akauliza, sijui alimuuliza nani. "Barabara imehama tena."

Lakini niliona amejaza kitenge mu mudomo asicheke.

Mara ya nne kabuluku alipita kobe wote. Zilibaki hatua nne mpaka mutoni, na pale unatupa mara moja tu: usipofika, kobe ameshinda. Mukwe akatupa. Mbegu tatu zilikaa nyeusi. Ya nne iliruka, ikaanguka kizingitini mbele ya kuku wangu mwekundu, na kuku hakungoja.

"Ilikuwa nyeusi," mukwe akasema.

"Ilikuwa nyeupe," nikasema mimi. Na kwa kuwa niko muzee, sina sababu ya kuwadanganya ninyi pia: ilikuwa nyeusi kama matako ya sufuria. Binti aliiona. Alinitazama. Mimi nikatazama rido.

Mukwe akataka tuhakikishe mu tumbo la kuku. Hakukuwa na shida, kuku yule alikuwa wake tayari: mukwe akifika, anachinjiwa, na firigisi ni yake. Binti akachinja, akapasua firigisi pale kizingitini. Mbegu ilikuwa ndani, pamoja na vijiwe na kifungo cha blauzi yangu nilichotafuta toka Pasaka. Lakini kuku alikuwa ameisugua yote. Makala hakuna.

"Sasa?" binti akamuuliza bwana yake, neno la kwanza kumuambia yeye toka afike. "Sema wewe."

Mukwe aliishika ile mbegu mu kiganja. Nilimusikia anavuta pumzi, nikajua sababu inakuja: makala ya huku kwetu Kasongo ni mabaya, kuku ni wa ukoo wetu.

"Mama," akaambia rido, polepole, kama mutu anayetoa mwiba, "ilikuwa nyeupe. Nimeshindwa."

Siku moja tu mu ndoa yao mutu yule alikuwa na haki kabisa, na siku ile njo alikubali amekosea.

Binti alikaanga firigisi, akamupelekea nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu kuliko firigisi inavyotaka. Nilisikia wanacheka. Kisha akaingia, akaanza kukunja matela.

"Mama, ilikuwa nyeusi."

"Funga vizuri ile kamba," nikasema.

Waliondoka kabla ya jioni. Kwenye njia panda pikipiki ilishika njia ya mashamba, ile inayofika kwenye mihogo yangu na kuishia pale. Nikaona mukono wa binti unagonga mugongo wa bwana yake mara moja. Pikipiki ikasimama. Ikakaa hivyo kidogo. Kisha ikageuka, na walipopita tena mbele ya nyumba mukwe aliinamisha kichwa, hakunitazama, kwa heshima.