Rimu ya Nne ya Dionis

Ezekia wa Gongoni husafisha rimu za magari barazani kwake, zile za alumini ambazo zikikaa sana huota unga mweupe na vidonda vidonda. Kazi hii hakufundishwa na mtu. Alimtazama mama yake akisugua masufuria kwa majivu, akajiambia, kwani rimu si sufuria yenye matundu? Basi huanza na msasa wa maji, akamalizia kwa majivu yaliyoloweshwa, akasuuza hapo hapo. Watu hujitazama sura humo.

Sasa sikilizeni yaliyomkuta Jumamosi moja. Dionis alikuwa anakwenda Tura kumchukua mchumba wake na mashangazi, awalete mjini kwa harusi ya kesho yake. Gari lake kuukuu lilikuwa juu ya mawe mbele ya baraza, rimu zote chini. Tatu zilishameta. Ezekia akaipaka ya nne majivu, na kabla hajaanza kusugua, mama mkwe wake akatokea kwenye kona, katoka Nzega bila taarifa.

Kwao mkwe hatazamwi usoni. Ezekia akaangusha tambara, akapitia upande wa choo, akajibanza nyuma ya nyumba. Mkwe huyo, Mama Ng'washi, akapewa kiti na mwanawe Julieth, mke wa Ezekia, pale pale barazani, karibu na rimu. Akanywa uji, akauliza habari za kila mtu, za mpunga, hata za ng'ombe wa jirani. Jua likapanda. Ezekia anachungulia, anarudi, anachungulia.

Mkwe alipoingia ndani kupumzika, Ezekia akaikimbilia rimu, akaisuuza. Nyeusi! Nyeusi kama kitako cha chungu. Akasugua, mikono ikawa myeusi, rimu iko vile vile. Akaonja majivu kwa ncha ya ulimi. Majivu ni yale yale, maji ni ya ndoo ile ile. Dionis akafika, kachomekea shati jipya.

"Dionis, hii uliitoa wapi?"

"Zote zilikuja na gari, kaka. Umeifanya nini?"

"Nimeifanya kama zile."

"Zile fedha, hii mkaa! Mashangazi wa Tura watasema nimeazima mguu wa gari la mtu."

Ezekia akakaa chini, kichwa mikononi. Hapo sauti ya mkwe ikatoka ndani, imepazwa makusudi.

"Julieth mwanangu, mwambie mwenzio sufuria ikiachwa na majivu hugeuka. Niliiona tangu nilipokaa. Ningemwambia nani, na yeye kakimbia? Achukue ukwaju."

Julieth akatoka na bakuli la ukwaju, anacheka. "Baba Amon, umesikia au nirudie?"

"Nimesikia. Ila mwulize, si majivu ndiyo yanayong'arisha?"

"Mama, anauliza, si majivu ndiyo yanayong'arisha?"

"Ndiyo."

"Na ndiyo yanayotia weusi?" Julieth akaongeza.

"Ndiyo."

"Sasa mimi nishike lipi?" Ezekia akauuliza ukuta moja kwa moja, akisahau kupitia kwa Julieth.

Ukwaju uliondoa weusi, ukaacha rangi ya wingu la mvua. Dionis akaitazama rimu, akalitazama jua.

"Ifunge nyuma, upande wa dereva. Mashangazi watapandia kushoto."

Gari likaondoka, na kwa upande wa kushoto lilikuwa gari la harusi kweli. Ezekia akabaki na bakuli lake. Akatupia humo majivu kidogo, aone tu. Yakatoa povu.

"Julieth!" akaita. "Mwulize mama, na sasa yanachemka nini, bila moto?"