Harufu ya Chai Isiyokuwepo

Nakumbuka Jumamosi moja ya Oktoba, mwanangu, nilipomkaribisha shangazi wa mchumba wangu kwa harufu ya chai, na chai yenyewe haikuwepo. Najua utanijibu kwa Kiingereza, lakini sikiliza kwa Kiswahili. Kucheka utacheka tu.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, naishi peke yangu ghorofa ya kumi na saba kule mtaa wa Cedar-Riverside, huku ughaibuni. Nilifanya kazi ya kuhudumia wazee, na kunawa mikono kutwa nzima pamoja na baridi ya huku kulikuwa kumenipasua vidole. Ndipo nikaanza kujitengenezea sabuni. Wenzangu wakienda mpira, mimi niko jikoni na mizani. Wakanipa jina, Mama Sabuni, nami nikalipokea. Mtu asiyetoka nje hawezi kujichagulia jina analoitwa huko nje.

Majani ya miti yalipoanza kuwa mekundu, nikapokea kifurushi changu cha kwanza cha mafuta ya harufu za msimu ule: mdalasini, karafuu, tufaha lililookwa, na chupa moja ya malenge yenye viungo. Lo! Nilipofungua ile ya malenge, nilikaa chini sakafuni. Ilinukia chai ya Krismasi ya mama yangu, Bungoma, ile ya tangawizi na sukari ya kutisha! Sikuwa nimesisimka hivyo tangu nipate leseni ya kuendesha gari.

Nikaimimina kwenye ndoo ya sabuni kwa kukadiria, kama mtu anayetia masala kwenye chai. Kumbe mafuta ya viungo yana haraka zao! Uji wa sabuni ukaanza kuganda palepale, nami nikafanya afanyacho mtu wa kwetu akiona kitu kinakuwa kizito mbele yake: nikashika mwiko nikasonga. Nilisonga ugali wa sabuni, mwanangu, mpaka jasho likanitoka! Nikaushindilia kwenye trei, kesho yake nikaukata vipande vya mraba. Nilitaka sabuni nyeupe, lakini vanila iliyokuwa ndani ya mafuta yale iliigeuza kahawia, rangi ya kashata iliyoungua kidogo. Nikaiacha trei pale jikoni ikomae, kwa maana sabuni mbichi ni kali, haiguswi kabla ya wiki kadhaa.

Sasa, mchumba wangu Kemunto alilelewa na shangazi yake, na bila neno la shangazi hakuna harusi. Ijumaa, siku moja kabla ya Jumamosi ile, Kemunto akanipigia simu.

"Shangazi anakuja kesho saa tisa. Peke yake. Anataka kuona unavyoishi. Na wewe Wafula, tafadhali, usimwambie habari za sabuni."

Mtu mwenye akili angeenda kununua maziwa. Mimi niliyeyusha nta. Niliyeyusha kwenye sufuria yangu ya chai, na sufuria nilikuwa nayo hiyo moja tu. Nikaitia yale mafuta ya malenge, nikatengeneza mishumaa mitano ndani ya mitungi ya kioo, kila mtungi nimeufunga vijiti vya mdalasini wa kweli kwa uzi wa katani. Ilipofika saa nane na nusu yote mitano inawaka, nyumba inanukia utadhani kuna sherehe, na mimi natembea huku na huko nikijipongeza.

Shangazi ali-drive kutoka kwake Lakeville. Kabla sijafungua mlango namsikia koridoni: "Mmh! Bwana asifiwe! Hiyo chai naisikia tangu kwenye lifti!"

"Asante sana, Shangazi!" nikajibu, kifua mbele. Nilidhani anayasifu mafuta yangu.

Akakaa. Tukaongea habari za baridi. Akavua koti. Akatazama jikoni. Tukaongea habari za baridi tena. Akasema, "Mimi nimeacha chai yangu mezani Lakeville. Nikajiambia, naenda kwa Mluhya, mpenda chai, ninywe chai nyumbani ya nini?"

Nikacheka. Mwanangu, nilicheka! Mtu mzima ananiomba chai kwa heshima zake zote, nami nacheka kama nimetupiwa mzaha.

Saa nzima ikapita. Hatimaye akainuka. "Wacha niitazame hiyo chai isije ikafurika." Nilipomfuata jikoni, kipande cha kahawia kilikuwa kimekaribia kabisa mdomo wake.

"Shangazi, usile!"

Hebu fikiria. Mgeni yuko nyumbani kwako, ana njaa, ameshika kitu mkononi, na wewe unampigia kelele asile. Akashusha mkono polepole.

"Hii si kashata?"

"Ni sabuni, Shangazi."

"Na chai?"

"Ni mshumaa, Shangazi."

Akafunua sufuria, akaona nta imeganda. Akaifunika. Akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye soksi.

"Na wewe je, kijana? Ni mwanamume, au ni harufu ya mwanamume?"

Nikaiona harusi yangu ikishuka na lifti ghorofa zote kumi na saba.

"Msichana wetu atakuwa anaingia hapa ametoka shifti, amechoka," akasema. "Hiyo harufu atainywa? Jirani yako ni nani?"

"Simjui."

"Umekaa hapa miaka mingapi?"

"Mitatu, Shangazi."

"Nenda ukamjue. Rudi na sufuria na maziwa."

Nikagonga mlango wa pili. Akafungua mama mmoja Msomali, mwenye Kiswahili cha Eastleigh, mtaa wa Wasomali kule kwetu. Nilipomweleza shida yangu alijishika mbavu. "Wiki nzima watoto wangu wananiuliza, chai ya jirani tutaonja lini!" Akaja mwenyewe, na sufuria, na maziwa, na sahani ya sambusa.

Shangazi akaizima mishumaa yote mitano. Akafungua nyuzi za katani, akasuuza vile vijiti vya mdalasini, akanipa. "Pika wewe, nikuone." Nikapika. Akanywa kikombe cha kwanza mpaka tone la mwisho. Cha pili akauliza habari za mama yangu. Cha tatu akasema, "Sasa washa mshumaa wako. Sasa hausemi uongo."

Mlangoni, akivaa koti, akanionyesha vidole vyake, navyo vimepasuka kama vyangu. "Hizo kashata zako zikikomaa, niletee kumi. Na mwambie Kemunto nimekunywa."

Nimekunywa! Hilo ndilo neno la shangazi tulilolingoja. Nilishuka ngazi zote kwa miguu kumpigia Kemunto nikiwa nje, kwa kuwa ndani furaha ilikuwa haienei. Mimi, nje, kwa hiari yangu!

Basi mwanangu, ukipenda mafuta ya viungo, yapende kama ninavyoyapenda mpaka leo. Yapime kwa mizani, sabuni ikianza kuganda usisonge, na sufuria ya nta isiwe ya chai. Lakini ninalokusihi hasa ni hili. Ninyi vijana wa leo mnapiga picha ya kitanda kilichotandikwa upande mmoja tu, ule unaoonekana kwenye picha. Usimnukishie mtu kitu ambacho huna cha kumpa. Weka chai kwanza, mjue jirani kwanza, halafu washa mishumaa hata kumi, utamu uzidi.

Mungu akupe nyumba inayonukia kilichomo ndani yake, na mgeni wako, akifika mlangoni kuaga, aseme amekunywa.