Pale pa Jina la Mpenzi

Niliporudi mjini Baraka kutoka kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, vita vilikuwa bado havijaisha milimani. Nilikuja na diploma ya serikali, gitaa, na sauti ambayo sijapata kusikia iliyoishinda. Diploma niliisomea kambini, gitaa nililipata kwa kusuka nywele za watu. Hakuna mjomba aliyenisaidia.

Okestra ya mjini ikanipokea. Tulipiga Jumapili mchana, maana usiku watu walijifungia ndani. Muda si mrefu watu wakaacha kuuliza kama okestra itapiga. Waliuliza kama mimi nitaimba.

Lakini jenereta tuliyopigia ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa mafuta, na kwetu mfadhili huimbwa jina lake katikati ya wimbo. Tunaita kutupa libanga. Hilo sikulikataa. Yeye akataka zaidi: jina lake liingie katika wimbo wangu wa mapenzi, pale ninapomwita mpenzi. Mji mzima ungejua mimi ni wa nani.

Jumapili moja nilipofika pale pa kumwita mpenzi, nikaliruka jina lake. Nikamtaja mama mmoja wa kijiji cha Swima, muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, aliyesimama mbele. Tulikimbia vita naye katika mashua moja, ndiyo sababu nililijua jina lake mwenyewe. Wengine wote walimwita Mama Fulani, kwa jina la mwanawe. Akapiga kigelegele.

Jenereta ikazimwa. Mwenye jenereta akaja mbele.

“We mutoto ya kambi, jina yangu iko wapi?”

“Iko kwako, papa. Bibi yako wa ndoa anaitunza.”

Watu walicheka mpaka akapakia jenereta yake na kuondoka. Kiongozi wa okestra hakucheka; alinionyesha kipaza sauti kilichozimika.

“Umetuua, dada. Diploma yako ndiyo itawasha mikro?”

Nikaanza kufungasha gitaa langu. Ili umeme urudi wangetafuta mwimbaji mtiifu, nami ningerudi kusuka vichwa vya watu.

Siku chache baadaye yule mama akaja mahali petu pa mazoezi na wenzake wa soko la samaki. Walikuwa wamekodi jenereta huko Kazimia, ikaletwa kwa mashua yao.

“Tangu niolewe, hakuna muntu aliita jina yangu,” alisema. “Sasa bamama bote banataka yao.”

Wakaanza kugombania nafasi ya kwanza katika wimbo.

“Mi nilibeba bidoni ya mafuta na kichwa!”

“Na mashua iko ya nani? Ya baba yako?”

“Bamama,” nikasema, “wimbo nitatunga mwenyewe, na nitaufanya murefu. Mutaingia bote.”

Niliutunga kwa siku mbili. Mwingine angehitaji mwezi.

Jumapili iliyofuata kiongozi aliniuliza tuanze na wimbo upi. Kabla ya hapo hakuwahi kuniuliza.

“Ule wa bamama,” nikamjibu, nikashika mikro kabla hajafikiri mara mbili.