Mwandishi na Mapipa Yaliyojaa

Sogea nikusimulie, ila ukicheka, cheka taratibu, maana aibu hii bado inanichoma kila nikisikia redio.

Pampu ya kisima cha kijiji chetu, huku Handeni, ilikuwa imekufa, tukawa tunachota lamboni pamoja na ng'ombe, nami nikajipa moyo nikampigia mwandishi wa redio aliyeko Korogwe, nikamweleza kwamba kwetu hata maji ya kunawa uso ni ya kugombania. Akasema atakuja kesho yake mchana. Hapo ndipo nilipokosea: nikamwambia mama mkwe kuwa tuna mgeni.

Na mgeni kwetu unamjua alivyo. Wanawake wa kitongoji kizima tuliamkia lamboni (mimi nikiwa mbele, wala sikufikiri), tukajaza mapipa, tukachuja maji kwa kitambaa, tukanyunyiza uani vumbi litulie, watoto wakaogeshwa wakapakwa mafuta wakang'aa. Yule dada mwandishi akashuka kwenye bodaboda, mwekundu kwa vumbi, hajatoa hata kinasa sauti, mama mkwe ameshamwonyesha bafu.

"Kaoge kwanza, mwanangu, njia imekutesa."

Akaoga ndoo nzima (na mimi ndiye niliyempelekea). Alipotoka, akamwuliza mama mkwe hali ya maji hapa ikoje.

"Nzuri, mwanangu, tunamshukuru Mungu."

Nilitamani ardhi inimeze. Mwandishi akatazama mapipa, akanitazama mimi. "Sasa dada, uliniitia nini?"

Nikamvuta mama mkwe kando, nikamnong'oneza kuwa huyu ndiye wa kuambiwa shida. Akanijibu kwa sauti, wote wakasikia: "Mgeni hata hajala, nianze kumlilia? Si ungesema amekuja kazini?"

Yule dada akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza maji yale yalichotwa wapi, na nani. Wanawake wakatazamana, wakaanza kusema, kwanza mmoja, halafu wote kwa pamoja. Akasema atalala mjini arudi alfajiri, na mtu asiandae kitu. Akatukuta lamboni tukisukumana na ng'ombe, na mama mkwe, kabla hajajibu swali lake lolote, akamtwisha dumu la maji. Yote yalitangazwa redioni, pamoja na mwandishi mwenyewe akihema chini ya dumu. Mafundi wameshakuja kuifungua pampu; tunasubiri kipuri kipya.

Kwa hiyo nawe ukiwa na habari, usiogope, mpigie mwandishi. Mweleze shida moja, inamuumiza nani, na aje saa ngapi aione kwa macho. Ukishakata simu, usifagie.